Mmea Uliokatwa Mizizi

Jumapili, mwisho wa Mei. Manyunyu tangu alfajiri, na ukungu umeshuka mpaka kwenye paa la jiko. Nguo nilizofua Alhamisi bado mbichi. Nimevaa sweta juu ya sweta, nina kikombe cha chai ya rangi na hasira ambayo sijui niiweke wapi, ndiyo maana nimefungua ukurasa huu niliokuwa nimeutelekeza tangu muhula uanze.

Nimesalitiwa.

Niliandika hivyo, nikafuta, nikaandika "nimevunjwa moyo", nikaona hapana. Kuvunjwa moyo ni pale unapoomba ruhusa ya kwenda kwenu kuuguza ukaambiwa subiri kwanza. Hili ni jambo jingine. Nimesalitiwa, na aliyenisaliti ni dada Tupo.

Kwa wanaopita hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni mwalimu wa baiolojia katika shule moja ya sekondari upande huu wa Tukuyu. Kijiji sitakitaja, mtaelewa kwa nini. Kwetu ni Kondoa. Nilipangiwa kituo huku bila kumjua mtu, wala kujua kwamba Tanzania hii hii kuna mahali mvua inanyesha mpaka watu wanaiomba ipumzike. Wiki ya kwanza niliugua kifua, na Tupokigwe, mwanamke wa nyumba ya tatu kutoka kwangu, akaja na uji, akaketi kitandani kwangu bila kukaribishwa, akaniambia nikimsalimia "shikamoo mama" tena atamwaga ule uji. Nikaanza kumwita dada. Nimemwita hivyo tangu siku hiyo, na nilikuwa namaanisha.

Dada Tupo ana kitalu cha miche ya parachichi nyuma ya nyumba ya mama yake, anakoishi. Ujana wake aliwahi kufuatana na watafiti wa mimea waliokuwa wakipanda Mlima Rungwe. Walipoondoka wakamwachia lenzi ndogo ya mkononi na ugonjwa wa kuinama. Huwezi kutembea naye ukafika. Kila jani asiloliona jana lazima aliinamie. Mimi nilikuwa na vitabu na majina ya Kilatini, yeye alikuwa na macho, na kwa kuwa wote wawili hatuna waume wa kutuuliza tumechelewa wapi, Jumamosi zetu nyingi ziliishia porini, tumechafuka magoti, tunabishana juu ya unyoya uliopo au usiokuwepo kwenye jani.

Zilikuwa Jumamosi nzuri. Nalisema hili kwa uchungu.

Sasa habari yenyewe. Juu ya shule yetu kuna kipande cha msitu wa asili, kidogo tu, kimezungukwa na migomba na chai ya watu. Chini yake inatoka chemchemi inayojaza tenki la shule na mabomba ya nyumba za bondeni. Kabla ya Pasaka, Lusajo, mdogo wake dada Tupo, alirudi kutoka Mbeya akaanza kusema kwamba nusu ya juu ya msitu ule ilikuwa shamba la babu yao, lililoachwa likaota miti, na kwamba sasa anataka kulifyeka apande parachichi. Watu wakamwambia hapo ni chanzo cha maji, pamekatazwa kulimwa. Akajibu kwamba maji yanatokea chini kabisa, kule juu ni pakavu, kwa hiyo katazo halipahusu. Kwa hilo walimkubalia, sijui kwa nini. Basi likabaki swali moja: je, kweli pale juu paliwahi kulimwa?

Wazee wawili walisema ndiyo, wawili wakasema hapana, na mmoja akasema yeye alikuwa mtoto, asisumbuliwe. Ndipo mtu akatoa wazo ambalo huku kila mtu aliliona la maana: wakaangalie kama kuna ndago.

Nieleze kidogo, maana wengine mnaosoma hapa jembe mnalijua kwa picha. Ndago ni lile gugu la shambani lenye jani jembamba la kung'aa, ukiling'oa linakatika, na chini linaacha vijikokwa vyeusi ambavyo kila kimoja kinaota upya. Unapolima unavitawanya mwenyewe. Kwa hiyo watu wa huku wanasema ndago inafuata jembe. Ukiikuta chini ya miti mikubwa, ujue miti hiyo imeota juu ya shamba la mtu. Huo ni ushahidi ambao mwenyekiti wa kijiji anaukubali kuliko maneno ya wazee, na kusema kweli haukukaa vibaya. Na kila aliyewahi kupalilia anajua namna ya kuitambua: shika shina, liviringishe kati ya kidole gumba na cha shahada. Likiwa duara ni nyasi za kawaida. Likiwa na pembe tatu, ni ndago.

Hapo ndipo penye kasoro, kwa sababu ndago ina ukoo mkubwa. Ndugu zake wengi wana shina la pembe tatu vilevile, na wengine hawajawahi kukanyaga shamba tangu dunia iumbwe. Wanaishi kivulini, msituni, penye unyevu, na jua kali likiwapata kwa muda wanakufa. Asiyezoea kuwachunguza hawezi kuwatofautisha. Lakini mimi na dada Tupo tunaweza.

Mkutano ukatuchagua sisi wawili tupande tukaangalie, tulete jibu na mmea wenyewe. Mtu mmoja nyuma aliguna kwamba Tupo ni dada wa mdai, itakuwaje. Nikasimama mimi, mgeni, na ushungi wangu, nikasema mbele ya watu wote kwamba namwamini dada Tupo kuliko ninavyojiamini. Hakuna aliyeniomba niseme hivyo.

Tulipanda Jumatano baada ya vipindi. Jua lilikuwa limejitokeza kidogo. Tuliuona mara moja, chini ya mti mkubwa ambao sijui mnauitaje kwenu, umeota kwa mafungu mafungu, majani marefu yameinama kote kote, kijani kilichoiva. Nikaliviringisha shina. Pembe tatu. Moyo ukanipasuka kidogo, nikasema, dada, kumbe kweli palilimwa.

Akacheka. Akasema, "Ndiyo maana mnafundisha watoto nusu nusu. Piga magoti."

Nikapiga magoti. Naandika hapa tulichokiona, kimoja baada ya kingine, kwa sababu jana sikupewa nafasi ya kukisema kwa utulivu.

Majani yametoka kwa safu tatu kuzunguka shina, na ala zake chini zimefunga pande zote kama soksi. Hilo ndago nayo inalo, halikutusaidia. Lakini jani lilikuwa pana, pana kuliko la ndago yoyote ya shambani, na kingo zake zinakwaruza ukilipitisha kidole kwa kurudi nyuma. Juu ya shina, ndago ingekuwa na vijisuke vya hudhurungi vilivyotawanyika kama mbavu za mwavuli, na majani machache yamekaa chini yake. Huu haukuwa hivyo. Ulikuwa na vitawi vinavyotokea ubavuni mwa shina, kimoja juu ya kingine, kila kitawi na masuke mengi madogo ya kijani.

Dada Tupo akatoa lenzi yake. Akaniwekea suke moja juu ya ukucha wake. Nchani mwa suke, magamba membamba yenye chavua: maua dume. Chini yake, maua jike. Na kila ua jike lilikuwa limejifungia ndani ya kifuko chake, kifuko cha kijani chenye mistari, kimechongoka juu kuwa mdomo mrefu, na mdomoni zimetokeza nyuzi tatu nyembamba. Akakipasua kifuko kwa ncha ya sindano. Ndani, mbegu ya pembe tatu.

Ndago haina kifuko. Mbegu ya ndago imekaa wazi chini ya gamba lake. Hakuna mjadala hapo, ni tofauti inayotenganisha matawi mawili ya ukoo, na kwa kitabu nilichokuwa nacho na picha nilizokuwa nazo kwenye simu tulishuka taratibu mpaka tukafikia Carex chlorosaccus. Nasema kwa tahadhari, bingwa akija akasema ni ndugu yake wa karibu sitabisha. Lakini jamii ya Carex ni Carex, na ni mmea wa msituni.

Halafu tukachimbua fungu moja kwa ncha ya panga, taratibu, kwa sababu dada Tupo hukasirika sana ukikata mzizi. Kwake mmea usio na mzizi haufai hata kutazamwa. Shina la chini lilikuwa gumu, fupi, lina nyuzi za mizizi kama nywele. Hakukuwa na kikokwa hata kimoja. Akakung'uta udongo, akafukia shimo kwa mguu kama kawaida yake, akausimamisha mmea mbele ya uso wake.

"Huyu hajawahi kuona jembe," alisema.

Hayo ni maneno yake. Hakuna mtu mwingine aliyekuwepo, lakini masikio yangu yalikuwepo.

Kwangu natumia gesi, na mmea haukauki kwa mvua hizi hata ungeuweka kwenye magazeti mangapi. Kwa mama yake kuna jiko la kuni na uchaga juu yake. Kwa hiyo tuliulaza kwenye gazeti, tukakandamiza kwa maboksi mawili, tukafunga kamba, naye akaondoka nao akaukaushe. Nilimpa kwa mikono yangu miwili.

Jana ndiyo ilikuwa siku ya mkutano. Darasa la shule ya msingi, madawati yamejaa, wengine wamesimama dirishani na miamvuli. Mwenyekiti akasema wataalamu waseme. Nikamwachia dada Tupo atangulie kwa heshima, yeye ni mkubwa kwangu na ni mwenyeji. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Sikuona kitu usoni mwake. Nimejiuliza tangu jana kama kulikuwa na kitu nikakikosa, na sidhani.

Akafungua gazeti, akautoa mmea. Akamwendea mzee mmoja aliyekaa mbele.

"Tata, hebu shika hapa. Viringisha."

Mzee akaviringisha, macho ameyafumba nusu. "Una pembe."

"Ngapi?"

"Tatu."

Akageuka kwa watu. "Sisi huku, mmea wa pembe tatu tunauitaje?"

"Ndago!" Walijibu wengi kwa pamoja, kama darasa langu la kidato cha pili ninapowauliza sehemu za ua.

Akakaa.

Neno lenyewe hakulitamka yeye. Hicho ndicho kinachonichoma zaidi. Angesema mwenyewe "hii ni ndago" ningemwita mwongo na ingeeleweka. Aliuliza swali tu, na watu wema waliovunjika migongo kwa kung'oa ndago maisha yao yote wakamjibia.

Nikasimama. Nadhani nilipaza sauti, jambo ambalo huku mwanamke akilifanya mkutanini linamharibia hata kama ana haki. Nikasema jamani, pembe tatu peke yake haitoshi, tuangalieni mzizi, tuangalieni masuke. Nikauchukua mmea mezani.

Haukuwa na mzizi.

Ulikuwa umekatwa sentimita chache juu ya udongo. Na masuke yalikuwa yamepukutishwa, vimebaki vijiti vitupu, wala kifuko kimoja hakikubaki cha kumwonyesha mtu.

"Mzizi uko wapi, dada Tupo?"

Alikuwa anatazama sakafu. "Ulikatika wakati wa kukausha."

Mzizi haukatiki kwa kukaushwa. Ule ulikuwa mkato wa kisu, wa mshazari, safi, mkato mmoja. Nimekaa naye kwenye kitalu chake mara nyingi akibebesha miche ya parachichi, kuunga kikonyo kwenye shina jingine kwa kisu, na naujua mkato wake kama ninavyoujua mwandiko wa wanafunzi wangu.

Nikatoa simu, nikaanza kuonyesha picha. Wazee wakaivuta karibu, wakaisogeza mbali. Lusajo akasema, bila hata kusimama, kwamba simu yake ina picha za Dubai na yeye hajafika hata Dodoma. Watu wakacheka. Mimi mwenyewe siku nyingine ningecheka.

Bibi mmoja ambaye huwa ananipa ndizi nikipita kwake alinishika mkono. "Mwalimu gwangu, pole. Wewe umesoma. Lakini ndago tunaijua sisi, imetumaliza."

Kura ya mikono ikapigwa. Lusajo ataanza kufyeka Alhamisi. Mwenyekiti, ambaye si mtu mbaya, ni mtu wa kuchoka mapema, alisema mwenye ushahidi mwingine aupeleke ofisini kabla ya hapo, halafu akauliza nani anafunga kwa sala.

Nilitoka wakiwa bado wameinamisha vichwa.

Dada Tupo alinikuta njiani, kwenye kona ya shamba la chai. Alikuwa anakimbia na viatu mkononi. Tuliongea kidogo sana na nitayaandika yote.

Alisema, "Mwanaidi, usinichukie."

Nikasimama.

Alisema mama yake, ambaye sote pale mtaani tunamwita Juba, hajala tangu Jumatano. Amelala chini, si kitandani, chini, na amesema kama Tupo atasimama na mgeni dhidi ya mtoto wake wa kiume, basi siku yake ikifika Tupo asikanyage msibani. "Unajua hilo kwetu ni nini? Unajua?"

Najua. Nimeishi hapa muda wa kutosha kujua kwamba msiba ndio mahali mtu anapojulikana ni wa nani.

Halafu akasema lile ambalo halinitoki kichwani tangu jana. "Wewe utahamishwa. Utaomba uhamisho, utapata, utafunga mabegi yako utarudi kwenu. Mimi ni wa hapa. Hawa ndio watakaonizika."

Nikamuuliza, na ule mmea ni mmea gani?

"Unajua ni mmea gani."

Nataka uniambie wewe, nilisema.

Akavaa viatu vyake taratibu, kimoja, kingine, akaenda zake.

Nimelala vibaya. Nimejaribu kumwelewa, na tatizo ni kwamba namwelewa. Ningekuwa na mama amelala sakafuni sijui ningefanya nini. Lakini angeweza kusema anaumwa. Angeweza kukataa uteuzi siku ile ya kwanza, wakati yule mtu aliguna nyuma. Alikuwa na mlango wazi kabisa wa kutokea na mimi ndiye niliyeufunga kwa kumsifia, naye akaniacha nimsifie. Angeweza kuniambia Alhamisi, Mwanaidi, nimeelemewa, usinitegemee. Nyumba yake na yangu tunasikia hata sufuria zikianguka. Hakuja. Alikaa na kisu kile akafikiri, akaukata mmea, akapukutisha masuke moja moja, na kazi hiyo inachukua muda.

Na mabomba yale ni ya watoto wangu shuleni. Mimi nimekulia mahali ambapo msichana anakosa kipindi cha kwanza kwa sababu ya ndoo. Huku maji yanaimba kila upande na watu wanadhani yatakuwepo tu.

Mgeni. Nimeitwa hivyo sokoni, nimeitwa hivyo ofisini. Yeye hakuwahi, mpaka jana.

Leo asubuhi wote walikwenda ibadani. Kwa kuwa mimi si wa huko, Jumapili huwa ni yangu peke yangu, na kwaya huwa naisikilizia jikoni. Leo nilivaa mabuti, nikachukua panga na mfuko, nikapanda. Nilikuwa na mpango mwepesi tu: nichimbue fungu jingine, zima, na mizizi yake na vifuko vyake, nimpelekee mwenyekiti mkononi likiwa bichi linadondosha udongo. Asiponielewa kwa maneno atanielewa kwa kikokwa kisichokuwepo.

Nilipofika chini ya ule mti mkubwa sikukuta kitu.

Nasema sikukuta. Mafungu yote yalikuwa yamechimbuliwa. Pale palipokuwa pamefunikwa na majani marefu pamebaki mashimo, mengi, yamepangana kama mdomo uliong'olewa meno. Nilizunguka kipande chote cha juu nikitafuta hata mche mmoja uliosahauliwa. Hakuna. Ni mtu aliyejua hasa anachotafuta, na waliojua kinachotafutwa na kilipo tulikuwa wawili.

Nilirudi chini ya ule mti, nikakaa kwenye majani yaliyoanguka. Nilimtukana kwa Kirangi, kwa sauti, kwa sababu kwa Kiswahili maneno hayakutosha.

Nilipokuwa nainuka nikaona kitu cheusi kwenye tope. Kiriba. Kile kifuko cha nailoni cheusi chenye matundu, cha kuoteshea miche. Kilikuwa kipya, na udongo umeshatiwa nusu.

Ikanichukua muda kuelewa. Mtu anayetaka kuangamiza mmea anaung'oa anautupa. Huyu alikuja na viriba. Alichimba kila fungu kwa mzingo mpana asiguse mzizi, akaliweka kwenye kiriba, akalibeba. Ukienda sasa hivi nyuma ya nyumba ya Juba, chini ya kile kivuli cha majani makavu ya migomba, nina hakika utaikuta mimea yote, imepangwa safu, imemwagiliwa, hai.

Hakuweza kuiua. Mimi alinikata mbele ya kijiji kizima na mmea akaubeba kwa mikono miwili.

Nikacheka. Nadhani kilikuwa kicheko. Kisha nikalia, na wakati nalia nikawa natazama shimo lililo mbele ya mabuti yangu bila kuliona, mpaka nikaliona.

Lilikuwa na maji.

Nikatazama jingine. Maji. Jingine, maji. Yote yaliyokuwa upande wa mlimani yalikuwa yamejaa karibu na ukingo, maji meupe, safi, unaona mpaka chini. Nikajiambia ni mvua, Mwanaidi, usijidanganye, ni haya manyunyu. Lakini chini ya mti ule manyunyu hayashuki, hata majani yaliyoanguka yalikuwa bado makavu. Nikakunja mikono ya sweta, nikayachota kwa kiganja mpaka shimo likabaki tope. Nikasubiri. Yakarudi. Yalikuwa yanatoka ubavuni mwa shimo, upande wa juu, taratibu, yanasukuma punje za mchanga mbele yake. Nikachota tena, yakarudi tena.

Pakavu, alisema Lusajo. Hapahusiani na chanzo.

Jumatano hatukuyaona kwa sababu tulichimba shimo moja dogo na dada Tupo akalifukia papo hapo. Safari hii alikuwa na haraka, au giza lilikuwa linaingia, au alikuwa analia kama mimi, sijui. Hakufukia hata moja. Ameacha ardhi yote wazi.

Kwa hiyo ule mmea siuhitaji tena. Hata wangekuwa na haki kuhusu ndago, hata babu yao angekuwa amelima pale mpaka akafa, mahali panapotoa maji namna ile hapafyekwi, na kwa hilo mwenyekiti hahitaji lenzi. Anahitaji mabuti tu. Nimempigia simu baada ya ibada. Amesema kesho saa moja asubuhi, kabla hajaenda Tukuyu mjini, atapanda na mimi na atakuja na wajumbe wawili.

Nilidhani nitafurahi nikikata simu.

Kesho atayaona yale maji. Atayachota, yatarudi, atatikisa kichwa, na Alhamisi hakuna mti utakaoanguka. Halafu atafanya kile mtu yeyote angefanya. Atatazama yale mashimo yote, atanigeukia, ataniuliza nani kachimba.

Nimejaribu majibu mbalimbali hapa mezani. Sijui, mwenyekiti. Labda nguruwe pori. Labda watoto. Kila moja nimelisema kwa sauti, na kila moja ni ujanja ule ule wa swali la jana, wa kumwacha mtu mwema ajibu uongo kwa niaba yangu.

Kupitia ukutani namsikia jirani anapakua chakula cha jioni. Nyumba mbili baada ya hapo, kwa Juba, kuna sauti ya mtu anasuuza vikombe. Jumapili kama hii ningekuwa pale.

Nitamtaja. Na keshokutwa nitaamka katika kijiji ambacho maji yake yamepona na sina mtu hata mmoja wa kumwita dada.